Gereji ya Wasomaji: Pikapu ya Dizeli Inavuta Hewa Wapi?

Barua za safari hii zote zinahusu njia ya mafuta, kutoka tangini hadi kwenye pampu ya dizeli na kurudi. Jibu la kwanza ndilo refu kuliko yote, na majibu mengine yanaliegemea. Hata kama swali lako ni la mwisho, anzia hapo.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina pikapu ya dizeli ya zamani, lita 2.8, pampu ya rotari, haina kompyuta. Asubuhi inawaka mara moja, inanguruma sekunde chache, inazima. Baada ya hapo napiga starta mpaka betri inalegea ndipo iwake tena, na ikishawaka haisumbui mchana kutwa. Nikiipaki imeelekea mlimani hali inakuwa mbaya zaidi. Nimelala chini yake na tochi, sioni dizeli ikidondoka popote. Fundi wangu anasema pampu imekwisha. Nimwamini?

JIBU: Usinunue pampu bado. Pampu ya rotari iliyochakaa kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, na haijali gari limepakiwa limeelekea wapi. Yako inajali, na hiyo ni dalili kwamba usiku dizeli inarudi tangini.

Kwenye injini nyingi za aina hiyo hakuna pampu tangini. Anayevuta mafuta ni pampu ndogo iliyomo ndani ya pampu ya dizeli yenyewe. Kwa hiyo mabomba, mipira, filta na viungo vyote vilivyo kabla ya pampu viko upande wa kuvuta, si wa kusukuma. Ndiyo maana hukuona tone: mrija wenye tundu haumwagi soda, unampa mnywaji hewa. Injini ikizimwa, hewa huingia taratibu pale penye upenyo na dizeli iliyokuwa imejaa bombani inashuka kurudi tangini. Asubuhi injini inawaka kwa mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya pampu, kisha pengo la hewa linafika na inazima. Tangi liko nyuma. Ukiipaki imeinua pua, tangi linakuwa chini zaidi ya pampu na mafuta yanashuka upesi.

Hewa kidogo inazima injini kwa sababu nozeli, kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, haifunguki mpaka ipate shinikizo la zaidi ya bar 100. Dizeli haikubali kubanwa, hewa inakubali. Pampu ikibana povu, nguvu yote inaishia kwenye povu na nozeli inabaki imefunga.

Kabla ya kufungua nati hata moja, fanya uchunguzi wa bure. Mtu apige starta asubuhi huku wewe ukitazama bomba la moshi. Ukiona moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, mafuta yanafika kwenye silinda ila hayawaki. Tafuta kwenye hita plagi (za kupasha silinda joto), mgandamizo wa silinda au taiming (wakati wa kupuliza dizeli). Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki. Asubuhi ya pili, kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini, ukalazimika kubonyeza mara nyingi ndipo iwe ngumu, kisha injini ikawaka na kuendelea vizuri, una ushahidi wa mafuta kurudi nyuma. Ikiwa ngumu tangu mwanzo na injini bado haiwaki, acha habari ya hewa kwanza, kaangalie kama solenoidi ya kuzimia (valvu ya umeme inayokata dizeli) iliyo kwenye pampu inapata volti 12 ufunguo ukiwa umewashwa na kama inalia "tik". Usiku wa tatu paki gari limeelekea mteremkoni. Likiwaka vizuri na kuendelea, picha imekamilika.

Sasa tafuta mahali penyewe. Nunua mpira unaoonesha ndani, wa kuhimili mafuta, urefu kama sentimita 30. Pampu nyingi za aina hiyo hupokea mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8, lakini pima bomba lako, maana mpira uliolegea utaleta hewa yake na kukupotosha. Uweke kati ya filta na pampu, ubane kwa klipu pande zote mbili, toa hewa kwa pampu ya mkono, washa injini na uiache kwenye sailensa, yaani mizunguko ya chini bila kukanyaga mafuta. Mapovu ya dakika za mwanzo ni yale uliyoyaingiza mwenyewe wakati wa kufunga. Subiri yaishe, kisha panda taratibu hadi mizunguko 2,500 hivi na utazame.

Mapovu yakiendelea, hamishia mpira huo kati ya bomba la kutoka tangini na mlango wa kuingilia wa filta. Yakionekana hata hapo, kosa liko nyuma: mpira wa juu ya tangi, bomba la chuma kwenye chesisi, au mfyonzo (bomba la kuvutia mafuta) ndani ya tangi. Hapo pakiwa safi huku mbele ya filta kuna mapovu, basi ni filta yenyewe, kichwa chake, pampu ya mkono au kihisi cha maji kilichofungwa chini yake. Kwa mpira mmoja wa sentimita 30 umeigawa njia nzima vipande viwili.

Ndani ya kipande ulichokibaini, tumia grisi nzito. Injini ikiwa inanguruma, paka grisi kuzunguka kiungo kimoja, subiri dakika moja au mbili, tazama mpira. Mapovu yakikatika, umeshampata. Yasipokatika, nenda kiungo kinachofuata. Usipake vyote kwa mpigo, utaponya gari bila kujua ulichoponya, na grisi ikianguka ugonjwa unarudi.

Ukitaka uhakika zaidi, kuna kipimo cha usiku. Bana mpira unaoingia kwenye filta kwa koleo la kubania mipira, uache hivyo hadi asubuhi, ufungue koleo, ndipo uwashe. Ikiwaka na kuendelea bila kusitasita, hewa ilikuwa ikiingia kati ya koleo na pampu, maana upande huo dizeli haikuwa na pa kwenda. Ikiwaka kisha ikayumba baada ya sekunde kadhaa, safu ya mafuta iliyo nyuma ya koleo ndiyo iliyoshuka, kwa hiyo kosa liko upande wa tangi. Mpira uliokakamaa usiubane hivi, utapasuka. Na andika karatasi uibandike kwenye usukani ili usiwashe gari koleo likiwa bado limebana.

SWALI: Nimefunga mpira unaoonesha kama fundi mmoja alivyonishauri. Naona povu moja dogo kila baada ya muda. Nikikanyaga mafuta sana, mpira mzima unageuka kama maziwa. Mpira mwingine niliouweka kwenye njia ya kurudi una mapovu pia. Yapi ya kawaida na yapi ni ugonjwa?

JIBU: Kapovu kamoja kanakopita kwa nadra hakamsumbui mtu, mradi injini inawaka vizuri asubuhi. Mlolongo usiokatika, au pengo linalojaza upana wote wa mpira, huo ni ugonjwa. Povu kubwa lililokaa juu ya kipindo cha mpira bila kusogea halina maana. Gonga mpira liondoke, kisha uanze kutazama upya.

Hali ya maziwa ni jambo jingine na huwachanganya wengi. Dizeli hubeba hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ikivutwa kwa nguvu kupita kiasi, hewa hiyo hujitokeza kama povu laini sana hata kama hakuna kiungo kinachovuja. Kwa hiyo mapovu laini yanayozidi mizunguko inapopanda hutufanya tushuku kuziba kabla ya kushuku tundu. Badilisha filta kwanza. Tazama kichujio cha mfyonzo tangini, bomba lililogongwa na jiwe likabonyea, na mpira ambao utando wake wa ndani umebanduka. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umejifunga.

Ukiweza kupata geji ya mvuto, iunge kati ya filta na pampu kwa kiungo cha njia tatu. Kunyanyua dizeli mita moja kunahitaji takriban bar 0.08 tu. Geji ikivuka bar 0.3 injini ikiwa juu, kuna kizuizi, na kizuizi hicho hicho ndicho kinachofanya viungo dhaifu vianze kunyonya hewa ambayo vingeikataa kama mvuto ungekuwa wa kawaida. Ndiyo sababu gari moja linaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na aliyeanza ni filta chafu.

Kuhusu njia ya kurudi: mapovu hapo ni ya kawaida kwa dakika kadhaa baada ya kufungua mfumo, kwa sababu pampu hujisafisha kwa kupeleka hewa huko. Yakiendelea ilhali mpira wa kuingilia ni safi kabisa, kagua kiungo kilicho baada ya mpira wako wa majaribio, yaani pale mpira unapoungana na pampu pamoja na washa (pete bapa za kuzibia) za bolti ya kuingilia. Watu hukisahau kwa kuwa macho yao yako kwenye mpira.

SWALI: Yangu haina shida tangi likiwa limejaa. Ikishuka chini ya nusu inaanza kukohoa, hasa kwenye kona na milima. Nimebadilisha filta mara mbili.

JIBU: Acha filta, panda nyuma. Ndani ya tangi kuna bomba la mfyonzo linaloshuka hadi karibu na sakafu. Likioza au kupasuka katikati, tangi lililojaa hufunika ufa. Mafuta yakishuka chini ya ufa pampu inavuta hewa. Kwenye kona na mlima dizeli hukimbilia upande mmoja na kuuacha ufa wazi mapema zaidi.

Fungua kifuniko cha mfyonzo juu ya tangi. Safisha pale juu kwanza kwa brashi na kitambaa, maana mchanga wa hapo ukitumbukia utakurudisha gereji. Toa mfyonzo, ziba ncha ya chini kwa kidole, puliza kwa mdomo upande wa juu huku bomba limezama kwenye ndoo ya dizeli. Tundu litajionesha kwa mapovu. Ukikuta bomba ni zima, tazama mpira mfupi wa juu ya tangi: uko mahali pa joto, matope na giza, na hakuna anayeukumbuka.

SWALI: Salaam. Gari langu lilikuwa zima kabisa. Nimebadilisha filta ya dizeli mwenyewe, na tangu siku hiyo linawaka kwa shida. Filta ni mpya, imekazwa vizuri. Nimekosea wapi?

JIBU: Pengine umefanya kosa linalofanywa kila siku: oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya filta ya zamani imebaki imeganda kwenye kichwa cha filta, na mpya ikakaa juu yake. Oringi mbili hazifungi kama moja. Fungua, pitisha kidole kwenye mfereji, uhakikishe chuma kiko kitupu.

Kama si hiyo, kagua oringi ya kihisi cha maji. Kwenye filta nyingi za kuzungusha, kihisi hutolewa kutoka filta ya zamani na kufungwa kwenye mpya, na oringi yake ndogo hubaki ile ile iliyokakamaa. Unapofunga, paka dizeli safi kwenye oringi zote. Ikifungwa kavu hujiviringa. Kaza kwa mkono mpaka ziguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa ubavuni mwa filta. Mnyororo wa kufungulia filta usiutumie kukazia.

Kuna tatizo la tatu ambalo si kosa lako. Pampu ya mkono ina mpira ndani yake ambao huzeeka kimyakimya. Umekaa miaka bila kuguswa, siku ya kubadilisha filta unaubonyeza mara thelathini, unachanika. Kagua chini ya kitufe: pakiwa na unyevu wa dizeli, au kitufe kikizama kisirudi, badilisha kichwa kizima au seti ya mpira wake ikipatikana. Pia skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya kichwa ina washa yake. Ikiwa bapa kama karatasi, hiyo ni njia ya hewa.

SWALI: Fundi amenishauri nifunge valvu ya njia moja kati ya tangi na filta, anasema tatizo la asubuhi litakwisha. Ni kweli?

JIBU: La asubuhi linaweza kwisha, tundu litabaki. Valvu huzuia dizeli kurudi gari likiwa limesimama, lakini injini inapovuta, hewa inaendelea kuingia pale pale, na utaiona kwa sailensa inayopanda na kushuka au nguvu inayopungua ukiwa na mzigo. Tena valvu ni kizuizi kipya upande wa kuvuta na ina viungo viwili zaidi vya kulinda. Kama kitu cha kukufikisha nyumbani, sawa. Kama tiba, hatuipendekezi. Gari lilitoka kiwandani likiwaka asubuhi bila hiyo.

SWALI: Tuna kompresa gereji. Je, tunaweza kupuliza upepo kwenye njia ya mafuta tuone panapovuja?

JIBU: Wazo ni zuri, ila si kwa kompresa ya bar 8. Itapasua mpira wa pampu ya mkono, itang'oa kihisi cha maji, na ikifika tangini itavimbisha tangi. Tumia pampu ya mkono ya baiskeli yenye geji.

Chomoa mpira wa kuvuta juu ya tangi na uunge pampu yako hapo, ili tangi lisihusike. Upande wa mbele chomoa mpira kwenye pampu ya dizeli na uuzibe kwa bolti laini na klipu. Jaza shinikizo la bar 0.3, usivuke 0.5. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila klipu na kila mahali bomba la chuma linaposhikwa na kishikizo cha chesisi. Hapo kwenye kishikizo ndipo matope hukaa, kutu hula bomba kwa nyuma, na jicho halifiki. Pitisha kioo kidogo au kidole. Geji ikikaa palepale kwa dakika kumi, njia ni nzima kwa kipimo hiki.

Tunasema "kwa kipimo hiki" kwa sababu kuna matundu yanayoficha uso. Oringi iliyolegea inaweza kukaa vizuri inaposukumwa kutoka ndani na kuachia inapovutwa. Kipimo kikipita lakini mapovu bado yapo, geuza: tumia pampu ya mkono ya mvuto, vuta hadi bar 0.5 chini ya kawaida, na utenge kipande kimoja kimoja mpaka upate kisichoshikilia.

Wasio na vifaa hivi wana dumu. Chukua dumu safi la lita 5 lenye dizeli safi, lifunge imara mahali palipo juu zaidi ya pampu, mbali na feni, mkanda na bomba la moshi. Peleka mpira mmoja kutoka dumu moja kwa moja kwenye pampu, na mpira wa kurudi uurudishe kwenye dumu hilo hilo. Gari likiwaka na kutulia, pampu na nozeli hazina hatia. Kosa ni kati ya tangi na pampu, filta ikiwemo. Hiki ndicho kipimo cha kumwonesha fundi anayesisitiza ununue pampu.

SWALI: Pikapu yangu ni ya komon reli. Inazima ghafla nikikanyaga mafuta kwa nguvu, taa ya injini inawaka, na mashine imesoma P0087. Nifungue nati za nozeli nitoe hewa kama tulivyokuwa tukifanya zamani?

JIBU: Hapana, ndugu. Usiguse nati hizo injini ikiwa inazunguka. Reli yako, yaani bomba la pamoja linalolisha nozeli zote, inaweza kuvuka bar 1,600, na mchirizi wake unapenya ngozi. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Ukitafuta uvujaji upande huo tumia kipande cha kadibodi, kamwe si mkono, na baada ya kuzima injini subiri dakika kadhaa kabla ya kufungua chochote.

P0087 inasema shinikizo la reli liko chini ya lililotakiwa. Haisemi kwa nini. Anza upande wa shinikizo dogo, ambako kazi ni rahisi na makosa ni mengi: filta, mipira ya plastiki yenye viungo vya kubofya ambavyo oringi zake ziko ndani, na njia ya kurudi. Mpira unaoonesha utumike upande huu tu. Jua pia kama gari lako lina pampu ya umeme tangini. Kama ipo, njia iko kwenye msukumo: tundu litadondosha dizeli nje badala ya kuingiza hewa, na utalipata kwa macho. Kama haipo, kila tulichosema katika jibu la kwanza kinakuhusu.

Unga mashine ya kusoma na utazame namba mbili kwa pamoja, shinikizo linalotakiwa na lililopo. Injini nyingi za aina hii hazipulizi mafuta mpaka reli ifike kama bar 150 hadi 250, kwa hiyo starta ikizungusha na namba ikabaki chini, mafuta hayajafika au yanatoroka. Hewa kwa kawaida hufanya namba ya lililopo iruke huku na huko. Ikishuka kwa mtiririko kadiri unavyoongeza mzigo, shuku kuziba. Ukishathibitisha upande mdogo ni mzima, ndipo upime mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwa chupa nne zinazofanana. Nozeli inayojaza chupa yake mbali kuliko wenzake inamwaga shinikizo. Valvu ya kudhibiti pampu inafuata, pampu yenyewe ni ya mwisho.

Na usipige starta ndefu mfumo ukiwa mkavu. Pampu hiyo inalainishwa na dizeli yenyewe. Ikizunguka kavu inajisaga, na unga wa chuma unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli zote.

SWALI: Nikishaziba tundu, hewa iliyobaki naitoaje kwa mpangilio? Injini ni ya pampu ya rotari.

JIBU: Weka kitambaa chini ya filta. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kichwa cha filta, bonyeza pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza skrubu wakati umebonyeza, si umeachia. Endelea kubonyeza hadi iwe ngumu. Ikiwa filta haina skrubu, legeza mpira wa kuingilia kwenye pampu ufanye hivyo hivyo pale. Jaribu kuwasha, pampu nyingi za rotari humalizia zenyewe kupitia njia ya kurudi.

Isipowaka, legeza nati mbili za mabomba ya nozeli kwa nusu mzunguko, mara nyingi kwa spana namba 17. Piga starta sekunde 10, pumzisha angalau nusu dakika, rudia. Dizeli ikianza kutoka kwa mapigo bila povu, kaza na uhamie nyingine mbili. Ukazaji ni takriban Nm 25 kwa injini nyingi za ukubwa huu, lakini kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi. Hapa pia mkono ukae mbali na mahali mafuta yanapotokea. Futa kila kitu kikavu, kisha zunguka na gari kidogo na urudi kukagua: kiungo kilichopanguswa vizuri huonesha unyevu mpya mara moja.

Mipira ya zamani usiirudishe kwa sababu tu "bado inaonekana nzima". Ikunje katikati ya vidole. Ikionesha nyufa, itupe. Mpya iwe ya mafuta, yenye alama ya SAE J30 R7 au R9 ubavuni. R9 ndiyo salama zaidi kama dizeli yako imechanganywa na ya mimea. Mpira wa maji au wa kompresa utavimba na kulainika. Mpira unaoonesha uliofanyia majaribio nao utoe, maana hukakamaa ukikaa kwenye dizeli na kuwa chanzo kipya. Klipu ya skrubu usiikaze mpaka mpira utokeze kwenye mianya yake. Hapo tayari inakata.

SWALI: Kwa ufupi tu: washa za shaba za bolti za mafuta zinaweza kutumika tena?

JIBU: Mpya ni bora. Ukikosa, za shaba zichome kwa moto mpaka ziwe nyekundu iliyofifia, zitumbukize majini, zisugue kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo mpaka mikwaruzo ya mviringo ipotee, kisha uzifunge. Shaba huwa ngumu kila inapobanwa, na moto huirudishia ulaini. Za alumini usizichome, zitayeyuka kabla hazijabadilika rangi. Zile zenye mpira katikati ni za safari moja tu.